MALI BILA DAFTARI

Wahenga wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Walimfikiria mwenye duka asiyeandika alichouza wala alichokopesha, mpaka siku moja akafungua sanduku akakuta hamna kitu, asijue kilikwenda wapi. Lakini methali hii haikutungwa kwa wenye maduka peke yao. Yawahusu pia watu wenye mali ya shirika, ambayo kila mmoja hudhani kuwa mwenzake ndiye anayeiangalia. Leo twapenda kusema juu ya mali ya namna hiyo, nayo ni sanamu na michoro iliyowekwa hadharani, viwanjani, njia panda na kwenye kuta za majumba ya umma. Na juu ya watu wa kujitolea wanaoandika habari zake katika kamusi elezo ya mtandao iitwayo Wikipedia.

Twajua kwamba wako wasomaji watakaouliza: Je, gazeti la wafanyakazi limekosa la kusema, hata likajishughulisha na masanamu? Twawaomba watusikilize kwanza. Sanamu ya hadharani hulipiwa kwa fedha za umma, husimama juu ya ardhi ya umma, na huwaambia watoto wetu kila siku ni nani anayestahili kukumbukwa. Kitu chenye kazi kubwa namna hiyo hakiwezi kuachwa bila hesabu.

Wala mtu asidhani kuwa kitu kizito hakipotei. Mwezi Desemba mwaka 2005, katika kijiji cha Perry Green nchini Uingereza, wezi walikuja usiku na gari lenye winchi wakaichukua sanamu ya shaba ya Henry Moore yenye uzito wa tani mbili na zaidi. Thamani yake ilikuwa kiasi cha pauni milioni 3. Polisi walifikia kuamini kwamba ilikatwakatwa na kuyeyushwa, na kwamba kwa bei ya vyuma chakavu haikuweza kuzidi pauni 1,500. Mwezi Desemba mwaka 2011, katika bustani ya Dulwich mjini London, sanamu ya Barbara Hepworth iliyokuwa pale tangu mwaka 1970 nayo ilikatwa ikachukuliwa. Sanamu hizi mbili zilikuwa na daftari: picha zake, vipimo vyake na jina la aliyezitengeneza vilijulikana. Shaba ilikwenda, lakini habari ilibaki. Sanamu isiyo na daftari ikiondoka, huondoka na kila kitu.

Basi, watu wamefanya nini? Huko Marekani, mwaka 1989, taasisi ya Smithsonian pamoja na wenzake walianzisha mpango wa kuzihesabu sanamu zote zilizo nje ya majumba. Wataalamu walikuwa wachache na nchi ni kubwa. Kwa hiyo waliitwa wananchi. Katika miaka ya 1990 maelfu ya watu wa kujitolea walikwenda mji kwa mji wakiwa na karatasi za maswali, wakaandika habari za sanamu zaidi ya 30,000. Hawakupewa mshahara. Walifundishwa tu namna ya kutazama na namna ya kuandika walichokiona.

Miaka ishirini baadaye, mwaka 2009, walimu wawili wa chuo kikuu kimoja mjini Indianapolis waliona kwamba daftari lililofungiwa ofisini halimsaidii mpita njia. Wakawapa wanafunzi wao kazi ya kuandika makala za Wikipedia juu ya kazi za sanaa zilizo katika viwanja vya chuo hicho, kila kazi na makala yake. Mwaka uliofuata wakaenda kwenye jengo la serikali ya jimbo la Indiana wakafanya vivyo hivyo. Kutokana na darasa hilo ukazaliwa mpango wa watu wa kujitolea, na wengine katika miji mingine wakaiga.

Kazi yenyewe haina uchawi. Mtu huenda mpaka penye sanamu akaizunguka. Huandika mahali ilipo, kimo chake na upana wake, na kitu iliyotengenezwa nacho, iwe shaba, saruji, jiwe au mti. Hunakili maneno yote ya kwenye kibao, hata yaliyokosewa. Hutafuta alama ya mchongaji na ya kiwanda kilichosubu shaba, ambazo mara nyingi hujificha chini karibu na miguu. Hutazama nyufa, kutu, na mahali palipovunjwa. Hupiga picha kila upande. Kisha huanza nusu ya pili ya kazi, iliyo ngumu zaidi: huenda maktaba na kwenye nyaraka kutafuta ni nani aliyeagiza, ni nani aliyelipa, ilifunuliwa lini, na ya nini.

Sasa na tutazame nyumbani. Katikati ya jiji la Dar es Salaam, katika barabara ya Samora, imesimama Sanamu ya Askari. Maelfu ya wafanyakazi huipita asubuhi na jioni. Ni wangapi wajuao habari zake? Mahali hapo, wakati wa Wajerumani, paliwekwa sanamu ya Hermann von Wissmann, aliyekuwa gavana wao. Na chini yake aliwekwa askari Mwafrika akimtazama bwana wake kwa kuinua uso. Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916 waliiondoa. Ikachukuliwa mpaka Uingereza, kisha ikarudishwa Ujerumani, na mwaka 1922 ikasimamishwa mbele ya chuo kikuu cha Hamburg. Huko wanafunzi wa Kijerumani wenyewe, katika miaka ya 1967 na 1968, waliiangusha kwa kamba, wakisema hawataki kusoma chini ya kivuli cha ukoloni.

Hii tunayoiona leo ilifunuliwa mwaka 1927. Aliyeitengeneza ni Mwingereza, James Alexander Stevenson, ambaye kazi zake alizitia sahihi ya Myrander, jina aliloliunga kutokana na jina la mkewe Myra na lake mwenyewe Alexander. Maneno ya Kiingereza yaliyo chini yake yalitungwa na Rudyard Kipling, na yapo pia maneno ya Kiswahili. Yanawakumbuka askari Waafrika waliopigana katika vita ya mwaka 1914 hadi 1918, na wapagazi waliobeba mizigo ya majeshi hayo, na wote waliokufa. Hata hivyo, anayeonekana juu ya jiwe ni askari peke yake na bunduki yake. Nairobi iko sanamu nyingine ya mchongaji huyo huyo, yenye watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Kwa Dar es Salaam, mpagazi amebaki katika maandishi, na katika jina la Kariakoo, ambalo asili yake ni lile jeshi la wapagazi lililopiga kambi pale.

Na majina yao je? Hapa ndipo jambo letu linapokuwa zito. Mwezi Aprili mwaka 2021, tume ya Jumuiya ya Madola inayoshughulikia makaburi ya vita ilitoa taarifa ya uchunguzi wake yenyewe. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita ile, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na pengine hawakukumbukwa kabisa. Askari wa Kizungu aliyekufa katika nchi hizi aliandikiwa jina lake kwenye jiwe lake. Mwafrika aliwekewa sanamu moja kwa ajili ya wote, bila jina hata moja. Sanamu ile ya shaba, basi, ni ukumbusho na ni ushahidi pia. Mtu aipitaye bila kujua habari hizi huona askari hodari. Aijuaye huona deni.

Watakuwapo watakaosema: Sanamu za wakoloni tuziandikie nini? Heri zife na kumbukumbu zake. Twawajibu kwamba kuandika si kusifu. Hakimu huandika habari za mwizi, wala hamsifu. Tukinyamaza sisi, hadithi itabaki kama walivyoitaka wale waliosimamisha shaba. Tena si sanamu za wakoloni tu zinazosubiri kuandikwa. Pale Mnazi Mmoja upo mnara wa Mwenge wa Uhuru, uliowekwa tulipojitawala mwaka 1961. Katika kanisa kuu la Murang'a, nchini Kenya, ipo michoro mikubwa ya ukutani iliyofanywa katika miaka ya mwisho ya 1950 na Elimo Njau, mzaliwa wa Kilimanjaro, akimchora Yesu na wanafunzi wake kama Waafrika katika nchi ya Waafrika, wakati ambapo watu wengi walikuwa bado wameshikwa na mawazo kwamba malaika hana budi kuwa mweupe. Kazi kama hizo zastahili kuandikwa kwa lugha yetu. Wikipedia ilianza mwezi Januari 2001, na tawi lake la Kiswahili likaanza mwaka 2003. Mlango umekwisha kufunguliwa. Kinachotakiwa ni watu wa kuingia.

Hatutaki, hata hivyo, kuwadanganya wasomaji wetu kwamba njia ni nyeupe. Yapo mambo mawili yanayoisumbua kazi hii.

La kwanza ni haki ya msanii. Nchini Uingereza sheria ya mwaka 1988 yaruhusu mtu kupiga picha ya sanamu iliyowekwa hadharani daima na kuitangaza. Marekani hairuhusu hivyo kwa sanamu ambazo haki zake zingali hai. Huko Sweden, chama cha kutetea haki za wasanii kilikishitaki chama cha watu wa Wikipedia, kwa sababu kilikuwa kimeweka katika mtandao picha na ramani ya kazi za sanaa za hadharani. Na mwaka 2016 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilisema kwamba haki ya kuzitangaza kwa njia hiyo ni ya wasanii. Wengi waliikasirikia hukumu hiyo. Sisi tulio gazeti la wafanyakazi hatuwezi kuitupa haki ya msanii, maana yeye naye ni mfanyakazi na jasho lake lina bei. Lakini twasema kwamba mahali ambapo sheria ina mashaka, iko njia ya heshima: mchongaji aliye hai aendewe, aelezwe, aombwe ruhusa ya maandishi. Na pale ambapo picha haiwezekani, maneno yawezekana. Hakuna sheria inayomkataza mtu kuandika kwamba sanamu fulani ipo, imetengenezwa na fulani, na ina urefu wa mita kadhaa.

La pili ni kubwa zaidi kwetu. Wikipedia haipokei habari kwa kuwa mwandishi asema anaijua. Kila neno la maana hudaiwa ushahidi uliokwisha kutangazwa mahali pa kuaminika, kama vile kitabu, gazeti au taarifa ya serikali. Kanuni hiyo ni ya haki, kwani bila hiyo kila mwongo angekuwa mwalimu. Lakini itazameni inavyotuumiza. Fundi aliyechanganya saruji ya mnara wa wilaya yu hai, anakumbuka ni nani aliyechora ramani na ni vijana gani waliobeba mawe. Lakini hakuna mahali lilipopigwa chapa neno lake hata moja. Siku akifa, ushahidi umekufa. Mkoloni aliandika barua, na barua zikahifadhiwa; ndiyo maana twajua mpaka jina la mke wa Stevenson. Sisi tulijenga kwa mikono na kusimulia kwa midomo. Tusipoyaandika ya wazee wetu, kamusi elezo itajaa habari za wale waliotutawala, na hakutakuwa na mtu wa kulaumiwa ila sisi.

Kwa hiyo kazi hii si ya vijana wenye kompyuta peke yao. Magazeti, na letu likiwamo, hayana budi kuandika habari za sanamu inapofunuliwa kwa ukamilifu: si jina la mgeni wa heshima tu, bali jina la mchongaji, la mafundi, gharama, na kitu iliyotengenezwa nacho. Mara ngapi tumesoma hotuba nzima ya ufunguzi bila kuambiwa ni mikono ya nani iliyofanya kazi? Halmashauri nazo zitie habari hizo katika taarifa zao, na kuziweka mahali ambapo mwananchi aweza kuzisoma.

Na matawi ya chama yana nafasi yake. Twapendekeza kila tawi lichague kazi moja ya sanaa iliyo karibu nalo. Watu watatu wanatosha: mmoja mwenye utepe wa kupimia, mmoja mwenye simu ya kupigia picha, na mmoja wa kuandika. Wawatafute wazee na mafundi walioshiriki, wawahoji kwa adabu, waandike majina kama wenyewe wanavyoyatamka. Habari hizo zipelekwe kwenye magazeti na maktaba ili zipate kuchapwa. Ndipo mwalimu au mwanafunzi ajuaye mtandao azitie katika Wikipedia ya Kiswahili pamoja na ushahidi wake.

Hakuna atakayelipwa kwa kazi hiyo, wala hakuna atakayepewa nishani. Lakini taifa hili limejenga shule, visima na barabara kwa watu kujitolea, nao hawakungoja nishani. Wapagazi wa vita ile walibeba mizigo ya watu wengine kwa miguu, kutoka pwani hadi maziwa makuu, na hakuna aliyeona haja ya kuandika majina yao. Mafundi na wachongaji wa siku zetu wasitendewe vivyo hivyo na sisi wenyewe. Kazi ianze wakati wangali hai.