Megawati 70 za Rwenzori na gharama ambazo mto hauandikiwi

Hospitali ya Kagando, hapo Kisinga kwenye milima ya Rwenzori, Uganda, ilijijengea mtambo wake wa umeme wa maji wa kilowati 60. Aliyetaka kujua faida na madhara ya mtambo ule hakuhitaji nauli: maji, mashine na wodi vilikuwa jirani.

Biashara ya umeme wa maji ya Rwenzori imekua tangu hapo. Mto Nyamugasani (wengine huandika Nyamagasani, na makaratasi ya wakubwa yenyewe hayajakubaliana) una mitambo miwili, mmoja wa megawati 15 na mwingine wa 5. Lubilia, mpakani na Kongo, una mtambo wa megawati 5.4 tangu 2018. Nyamwamba una miwili, wa 9.2 na wa 7.8. Mubuku umebeba mitatu: wa migodi ya Kilembe wa miaka ya 1950, wa kiwanda cha kobalti wa miaka ya 1990, na wa Bugoye wa megawati 13 uliofunguliwa 2009. Ukijumlisha, wilaya ya Kasese inafikia karibu megawati 70.

Mingi ya mitambo mipya ililetwa na mpango wa GET FiT ulioanza 2013. Serikali za Ulaya, kupitia benki ya KfW ya Ujerumani, ziliongeza senti juu ya bei ya kila yuniti kwa mwekezaji mwenye mtambo usiozidi megawati 20. Mnunuzi ni mmoja tu, kampuni ya serikali ya kusafirisha umeme, na mkataba ni wa miaka 20. Kwa mwenye fedha, hiyo ni biashara tulivu. Kwa mkulima wa kahawa wa Kisinga ambaye waya mkubwa unapita juu ya shamba lake, umeme huo ni wa gridi. Ataunganishwa kwa foleni na kwa bei ileile ya mtu wa Mbarara.

Wasifu wa mitambo hii husema haina bwawa, kwa hiyo haina madhara makubwa. Ni kweli nusu. Hakuna kijiji kilichozamishwa. Lakini banio hukinga maji juu, mfereji na bomba huyapeleka kwenye mashine bondeni, na kati ya hapo mto hubaki na kile kilichoachwa kwa kibali. Wakati wa kiangazi, kipande hicho ndicho kinachoamua kama ng'ombe watakunywa, kama nguo zitafuliwa, kama samaki watapita. Samaki wa jamii ya Labeobarbus wa Ziwa Edward, linalopokea maji ya Nyamugasani, hupanda mitoni kutaga. Ukuta wa mita chache tu unatosha kuwarudisha.

Sheria ya Mazingira ya 2019 inamtaka mwekezaji afanye tathmini kabla ya kujenga, na mamlaka ya taifa ya mazingira, NEMA, ndiyo inayoipitisha. Ninacholalamikia ni kipimo. Kila kampuni hutathmini kipande chake cha mto, ilhali mto hauishi kwa vipande. Pale Mubuku, mitambo mitatu na skimu ya umwagiliaji ya tangu miaka ya 1960 vinagawana maji yaleyale. Ripoti nne nzuri zikiwekwa pamoja bado hazijawa ripoti ya mto.

Watu wa visiwani wanalijua suala hili la tathmini kwa sura nyingine. Kisiwani Islay, Scotland, mtambo wa mawimbi wa kilowati 500 uliunganishwa na gridi mwaka 2000. Kwa mtambo wa namna hiyo mkaguzi huuliza kuhusu kelele, ufuko, na iwapo zege litahimili dhoruba. Swali hilo la mwisho ndilo linalotufaa zaidi huku mlimani, kwa kuwa tumezoea kuuliza mtambo utaufanya nini mto, na kusahau kuuliza mto utaufanya nini mtambo.

Wengi hudhani hatari ni barafu kuisha. Mwaka 1906 vilele vya Rwenzori vilikuwa na mito ya barafu zaidi ya arobaini. Leo yamebaki mabaki. Lakini vipimo vya watafiti vilionyesha kwamba maji ya barafu hayafiki asilimia 2 ya maji ya mto Mubuku chini ya mlima. Mashine zinaendeshwa na mvua, na misitu na vinamasi vya juu vinavyoishika mvua hiyo. Miteremko ikilimwa hadi kingo za mto, kinachoteremka si maji peke yake, ni mchanga na mawe makubwa. Mchanga hula mapanga ya mashine. Mawe hula banio.

Nao umeme haujaokoa msitu, maana chakula cha Kasese bado hupikwa kwa kuni na makaa. Huo ni mlango mwingine wa tathmini ambao haufunguliwi.

Kwa upande wa soko, upepo umegeuka. Mtambo wa Karuma, uliozinduliwa Septemba 2024, una megawati 600 peke yake; Kasese nzima haifiki sehemu yake ya nane. Nchi yenye umeme wa ziada haina haraka ya mtambo mwingine mdogo, na pengine huu ndio wasaa wa kuupima upya mlima wote kwa pamoja.

Lakini mto hausubiri upimaji huo. Mafuriko ya Mei 2013 yalipiga bonde la Nyamwamba. Mei 2020 Nyamwamba ulirudi, safari hii pamoja na Mubuku, Nyamugasani na Lubilia, na hospitali ya Kilembe ikaharibiwa. Kati ya mafuriko hayo ni miaka 7. Mkataba wa umeme ni wa miaka 20.