Mtoto Njiti Anapochoka Kunyonya

Mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 37 huitwa njiti. Baadhi yao hutokwa jasho na kuchoka mara wanyonyapo, hupumua haraka, wala uzito hauongezeki. Majirani husema ni mchango, au kifua. Huenda ni moyo.

Mtoto akiwa tumboni hapumui kwa mapafu. Hewa safi huletwa na damu kutoka kondo la nyuma. Hivyo damu hupita kando ya mapafu, katika mshipa mfupi unaounganisha mishipa miwili mikubwa ya moyo. Kwa mtoto aliyetimiza miezi, mshipa huo hujifunga siku chache baada ya kuzaliwa. Kwa njiti waweza kubaki wazi. Damu hufurika mapafuni na moyo hulemewa.

Tiba ipo. Kwa njiti wengi mshipa hujifunga wenyewe wanapokua. Wengine hupewa dawa wodini, chini ya uangalizi, maana yaweza kudhuru figo, usijaribu nyumbani. Ikishindikana, mshipa huzibwa kwa kifaa kidogo kinachopitishwa pajani, au kwa upasuaji. Zamani watoto wetu wengi walipelekwa India. Tangu 2015 ipo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Muhimbili.

Mama wa Kimara, usingoje. Mbebe mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi. Akichoka kunyonya, kamua maziwa umnyweshe kwa kikombe. Mpeleke kliniki, ueleze kwamba ni njiti, na uombe apimwe moyo. Midomo ikigeuka rangi ya bluu, mpeleke hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.