Kazi si mshahara tu: somo la kijiji cha Marienthal

Kila Jumapili katika makanisa yetu ya mashariki tunasalimiana na vijana waliomaliza masomo na hawana kazi, pia na wazazi waliokimbia vita wakaacha mashamba yao. Mara nyingi sisi wachungaji tunawaambia: “Ninyi mna wakati, njooni mtumikie kanisa.” Wanaitika ndiyo, kisha hawafiki. Nasi tunanung’unika kwamba ni wavivu. Uchunguzi mmoja wa zamani unatuonya tusihukumu haraka.

Marienthal ni kijiji cha Austria, karibu na mji mkuu Vienna. Watu wake waliishi kwa kiwanda kimoja cha nguo. Uchumi wa dunia ulipoanguka, kiwanda kikafungwa, na jamaa nyingi sana zikabaki bila kazi. Mwaka 1931 watafiti kutoka Vienna waliingia humo. Kati yao walikuwa Marie Jahoda, mwanasaikolojia. Paul Lazarsfeld, aliyesomea hesabu. Na Hans Zeisel, aliyesomea sheria. Kitabu chao kilitoka mwaka 1933. Kila mmoja alileta elimu yake, maana shida ya kazi haitoshei katika elimu moja: inagusa mfuko, nyumba, moyo na sheria.

Hawakwenda mikono mitupu. Walikusanya nguo na kuwagawia watu, wakaleta daktari, wakafungua masomo ya ushonaji. Kwa njia hiyo waliingia nyumbani mwa watu na kuona maisha yao.

Waliyoyaona yaliwashangaza. Sasa watu walikuwa na wakati mwingi, lakini vitabu vilivyoazimwa katika maktaba ya kijiji vilipungua karibu nusu. Wanaume walitembea polepole, wakisimama-simama njiani. Wengi hawakuvaa saa tena. Walipoombwa kuandika walichofanya saa kwa saa, walikosa la kuandika. Wanawake nao walipoteza mshahara, lakini kupika, kufua na kulea watoto viliendelea kuipanga siku yao. Hata hivyo, wengi wao walitamani kurudi kiwandani, wala si kwa sababu ya pesa tu.

Miaka mingi baadaye Jahoda alieleza sababu. Zaidi ya mshahara, kazi inampa mtu mambo matano: mpango wa siku, kukutana na watu wasio wa nyumbani kwake, kushiriki lengo linalopita nguvu za mtu mmoja, cheo na heshima mbele ya wengine, na jambo la kufanya kila siku. Kazi ikiondoka, yote matano yanatikisika pamoja. Basi yule kijana asiyefika si lazima awe mvivu. Huenda siku yake imepoteza umbo.

Kwetu kuna tofauti. Huko wengi walipokea posho ndogo ya wasio na kazi, angalau kwa muda. Hapa hakuna posho, kwa hiyo watu wanajitafutia: huyu anauza makala, yule anaendesha pikipiki ya mtu mwingine. Chakula kinaweza kupatikana leo, lakini kesho haijulikani, na heshima haipatikani kwa urahisi.

Kanisa lifanye nini? Kwanza, tusiseme tu “njooni msaidie”. Tumpe mtu kazi yenye jina, siku na saa, pamoja na wenzake, na tumshukuru mbele ya wote. Pili, vikundi vya akiba, vile tunavyoviita AVEC, tuvitunze. Havileti pesa tu: vina siku ya kukutana, kitabu cha hesabu, na mtu anayekungoja. Tatu, tusidanganyane. Kujitolea hakulishi watoto. Kama kanisa lina pesa ya kumlipa fundi, limlipe kwa haki. Lisimwite kila mara “mtumishi” ili lipate kazi ya bure.

Tukumbuke mfano wa Yesu wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu. Wale waliokutwa wamesimama sokoni jioni waliulizwa sababu. Jibu lao lilikuwa kwamba hakuna mtu aliyewaajiri, na mwenye shamba hakuwakemea. Aliwapa kazi jioni ileile. Wiki hii, kabla ya kumwita mtu mvivu, tumuulize kwanza kama yule mwenye shamba alivyouliza, kisha tusikilize jibu lake.