Ukimya wa Mtoto Mgeni Darasani Si Ujinga

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika shule zetu nyingi mtoto mgeni hapewi hata hizo siku mbili. Asubuhi ile ile anapoingia langoni ameshikwa mkono na mamaye, huwekewa mbele karatasi ya mtihani iliyoandikwa kwa Kiingereza, na kabla ya saa nne huwa amekwisha kuhukumiwa.

Hapa Kitengela ninakoishi nimelishuhudia jambo hili kwa karibu. Mapema mwaka wa 2025, baada ya miji ya Goma na Bukavu kuangukia mikononi mwa waasi wa M23, familia moja kutoka Bukavu ilipanga nyumba iliyopakana na yangu. Walidhani watakaa miezi mitatu. Ilipobainika kwamba safari ya kurudi haiko karibu, binti yao wa miaka kumi, aliyekwisha kumaliza darasa la nne kwao, alipelekwa katika shule moja ya binafsi. Alipimwa kwa Kiingereza, akaketishwa Gredi ya Pili miongoni mwa watoto wa miaka saba. Jioni mamaye alinijia na daftari mkononi. "Mwalimu," akasema, "huyu mutoto haiko mujinga."

Nililipekua daftari lile. Hesabu za kugawanya zilikuwa zimekosolewa kwa wino mwekundu ukurasa mzima, ilhali majibu niliyoyahakiki yalikuwa sahihi. Katika shule zilizorithi taratibu za Kifaransa, kigawanyo huandikwa kuliani na jibu huwekwa chini yake. Sisi hukiandika kushotoni, na jibu hulipandisha juu. Fauka ya hayo, tarakimu ya moja huandikwa kwa mkono mrefu wa kupanda, hata mwalimu wetu akaisoma saba. Mtoto alikuwa akigawanya vizuri. Aliyeshindwa kusoma hapo alikuwa mwalimu.

Si hesabu peke yake. Binti huyu husema *batoto* pale tusemapo watoto, na shule huiita *masomo*. Wenzake humcheka, na nasikia hata walimu hutabasamu. Lakini kiambishi *ba-* cha wingi wa watu kina kanuni yake katika Kiswahili cha Kivu, na kinaishi hadi leo katika Kiganda na Lubukusu. Anayekitumia hakuharibu lugha ya mtu.

Ajabu kubwa ni kwamba sera yetu ingemfaa mtoto kama huyu. Tangu ripoti ya kamati ya Gachathi ya mwaka 1976, msimamo wa serikali umekuwa kwamba madarasa matatu ya kwanza yafundishwe kwa lugha itumikayo katika eneo la shule, na mtaala wa umilisi umeushikilia msimamo huo. Sasa Kitengela ni mji wa Wamaasai, Wakamba, Wakikuyu, Waluo, Wasomali na wafanyakazi wa viwanda vya Athi River. Lugha ya eneo hapa ni ipi ikiwa si Kiswahili? Mgeni wetu alikuja na ufunguo mfukoni, akaambiwa hana lugha. Simlaumu mwalimu peke yake. Shule za binafsi hugombea karo, na wazazi (nami nimo) hupenda kusikia Kiingereza tangu siku ya kwanza.

Nami nimewahi kuwa mzazi wa mtoto mgeni. Nilipokuwa Ujerumani kwa masomo ya uzamifu, mwanangu alianza shule akiwa na miaka sita. Kwa karibu miezi minne hakutamka neno darasani. Mwalimu wake, mama mwema kabisa, alituita akatushauri tuzungumze Kijerumani nyumbani. Kijerumani chetu wakati huo kilikuwa cha kununulia mkate. Tukakataa kwa adabu. Wataalamu wa lugha ya pili wanaujua vyema ukimya huo: mtoto husikiliza na kuzichambua sauti, na huenda bado hayuko tayari kuzitoa. Wangu aliuvunja kwa sentensi nzima, akishtaki kwamba ameibiwa penseli.

Hata hivyo, mwisho wa ukimya nao hudanganya. Jim Cummins, mtaalamu wa Kanada, alionyesha kwamba mtoto mgeni huweza kuzungumza vizuri baada ya miaka miwili hivi, lakini lugha ya vitabu na mitihani humchukua miaka mitano au zaidi. Mwalimu humsikia akipiga soga uwanjani, akasema "sasa anajua Kiingereza", kisha akashangaa anapoanguka somo la sayansi.

Ushauri ule niliopewa Ujerumani ndio aliopewa jirani yangu hapa: aache Kiswahili na Kifaransa nyumbani. Akatii, maskini. Kwa majuma kadhaa alimsemesha bintiye kwa Kiingereza cha maneno arubaini, na nyumba ile iliyokuwa na mazungumzo mengi ikanyamaza. Hakuna shule yenye haki ya kumpokonya mtoto lugha ya mamaye, seuze mtoto aliyekwisha kupoteza mji wake. Na wakirudi Bukavu kesho, atasomea lugha gani?

Wala si lazima mtu avuke mpaka. Ukame wa miaka ya 2020 hadi 2023 uliangamiza mifugo mingi ya Kajiado. Mtoto wa nyumba izungumzayo Kimaasai tu, wazazi wake wakihamia Kitengela kutafuta kibarua, huingia darasani akiwa ughaibuni ndani ya kaunti yake mwenyewe.

Walimu, nanyi wanafunzi mnaosomea ualimu, mtihani wa siku ya kwanza na ufanywe kwa lugha aijuayo mtoto. Asipokuwapo mwalimu anayeijua, mwiteni mzazi, au mwanafunzi mwingine. Mketisheni na rika lake. Kiingereza atafundishwa hapo hapo alipo.

Nilikwenda kumwona mwalimu mkuu, akanisikiliza. Binti alipewa hesabu upya kwa Kiswahili, na muhula uliofuata akahamishiwa Gredi ya Nne. Kiingereza chake kingali kinachechemea. Mamaye amekirudia Kiswahili chake cha Bukavu, na jioni nawasikia tena ng'ambo ya ukuta wakibishana juu ya kuosha vyombo.