Daktari Anaposema "Sasa Tuanze Sindano"



Wasomaji wapendwa, katika kutembelea wagonjwa kwenye Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, kuna neno tunalolisikia mara kwa mara, iwe mjini Musoma, Bunda au Butiama: "Ukishaanza sindano ya kisukari, safari imefika mwisho." Kwa sababu ya neno hilo, wapo wanaoacha kwenda kliniki siku daktari anapotaja insulini. Wengine huongeza vidonge kwa kujipimia wenyewe, na wengine hukimbilia mizizi au maombi ya kuahidiwa kupona. Tumeona ni vyema kueleza jambo hili taratibu, kwa faida ya wagonjwa wenyewe na ya mafrateri watakaotumwa kuwahudumia.

Kwa nini vidonge havitoshi tena

Kongosho ndilo linalotengeneza insulini, nayo insulini huruhusu sukari itoke kwenye damu na kuingia katika chembe za mwili. Katika kisukari aina ya pili, mwili hauiitikii insulini vizuri. Kongosho hulazimika kutengeneza nyingi zaidi, na baada ya miaka huanza kuchoka. Utafiti mkubwa wa Uingereza, ambao matokeo yake makuu yalitolewa mwaka 1998, ulionyesha kwamba wagonjwa wengi walikuwa wamekwisha kupoteza karibu nusu ya uwezo wa kutengeneza insulini siku ile walipogunduliwa. Uwezo huo uliendelea kupungua hata kwa waliotumia dawa.

Vidonge kama glibenklamidi hufanya kazi kwa kulisukuma kongosho litoe insulini zaidi. Sisi wa Mara tunafuga ng'ombe, tunaelewa: ng'ombe aliyekauka maziwa hukamuliwi kwa kuongeza nguvu za mikono. Hapo maziwa hutafutwa kwingine. Basi anayeambiwa aanze sindano hajaadhibiwa, wala si lazima awe amekula vibaya au amekaidi masharti. Mara nyingi ugonjwa wenyewe umesonga mbele, na sasa mwili unaongezewa kile unachokosa.

Hofu na ukweli

Hofu ya kwanza ni kwamba insulini inaua. Ilivyo ni kwamba wengi huianza wakiwa wamechelewa, figo zimeshaharibika au kidonda cha mguu kimeshaoza. Mgonjwa akifariki, lawama huangukia sindano, kumbe kilichomdhuru ni miaka ya sukari kuwa juu. Historia inasema kinyume cha hofu hiyo. Januari 1922, huko Toronto, Kanada, kijana wa miaka 14 aliyeitwa Leonard Thompson alichomwa insulini, wa kwanza kutibiwa kwa dawa hiyo. Alikuwa karibu kufa kwa kisukari kinachowapata zaidi watoto na vijana. Aliishi miaka 13 zaidi.

Hofu ya pili ni kwamba insulini hulevya, kwamba mtu akiianza hawezi kuiacha. Insulini ni kitu ambacho mwili wa kila mtu unakitumia kila siku. Kama mgonjwa ataihitaji maisha yote, sababu ni kongosho lake lililochoka. Wapo pia wanaopewa kwa muda tu, kwa mfano wakati wa upasuaji au maambukizi makali, kisha wakarudi kwenye vidonge kwa uamuzi wa daktari.

Namna ya kuitumia

Mara nyingi daktari huanza na kipimo kidogo, kama yuniti 10 jioni, huku mgonjwa akiendelea na metformini. Wengine hupewa insulini ya mchanganyiko mara mbili kwa siku, kabla ya chakula cha asubuhi na cha jioni. Kipimo hupandishwa taratibu kwa kufuata vipimo vya sukari, si kwa kubahatisha.

Sindano yake ni fupi na nyembamba. Huchomwa kwenye mafuta ya chini ya ngozi, tumboni au pajani, na sehemu ibadilishwe kila siku ili pasifanye uvimbe. Bomba liwe la insulini, lenye alama za yuniti zinazolingana na chupa. Insulini yenye rangi ya maziwa isitikiswe kwa nguvu. Izungushwe polepole katikati ya viganja mpaka ichanganyike. Sindano zilizotumika ziwekwe kwenye chupa ngumu ya plastiki na kurudishwa kituo cha afya, zisitupwe pale watoto wanapocheza.

Chupa ambayo haijafunguliwa hutunzwa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, bila kugandishwa. Asiye na friji asikate tamaa. Chupa inayotumika hukaa nje takriban wiki nne ikiwa mahali pa baridi, mbali na jua na moto. Mtungi wa udongo wenye unyevu husaidia sana: chupa iwekwe ndani ya mfuko usiopitisha maji, kisha ndani ya mtungi uliowekwa kivulini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliofuata hali ya joto la kambi ya Dagahaley nchini Kenya, ulionyesha kwamba insulini iliyokaa wiki nne katika joto la kupanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 haikupoteza nguvu yake.

Hatari ya kweli: sukari kushuka

Hatari ambayo kila mtumiaji wa insulini lazima aijue ni sukari kushuka chini ya 4. Mtu hutetemeka, hutoka jasho, moyo humwenda mbio, husikia njaa kali, huchanganyikiwa, na anaweza kuzimia.

Hapa tunawaambia hasa ndugu zetu wa mwalo wa Mwigobero. Mvuvi wa dagaa hutoka jioni na kufanya kazi nzito usiku kucha. Insulini ya muda wa kati iliyochomwa saa 1 jioni huweza kuwa na nguvu zaidi kati ya saa 5 usiku na saa 11 alfajiri, wakati yuko katikati ya ziwa anavuta nyavu. Amweleze daktari kazi yake waziwazi, ili apangiwe saa na kipimo kinachomfaa. Asiingie mtumbwini bila chakula na sukari, na wenzake wajue hali yake.

Dalili zikianza, anywe vijiko vitatu vya sukari vilivyokorogwa kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida. Baada ya dakika 15, kama hajapata nafuu, arudie, kisha ale chakula. Aliyezimia asinyweshwe kitu, akimbizwe hospitali.

Komunyo na Kwaresima

Wapo wanaovumilia kutetemeka kanisani wakiogopa kuvunja mfungo wa Ekaristi. Kanuni ya 919 ya Sheria za Kanisa inaagiza kujizuia chakula na kinywaji kwa saa moja kabla ya Komunyo, isipokuwa maji na dawa. Kanuni hiyohiyo inawaruhusu wazee na wagonjwa, pamoja na wanaowahudumia, kupokea hata kama wamekula ndani ya saa hiyo. Kadhalika, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, mgonjwa ambaye mfungo ungemdhuru hafungwi na sheria hiyo. Atafute toba nyingine, kama sala na matendo ya huruma.

Wajibu wetu

Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, kinafundisha kumheshimu tabibu na kutodharau dawa, na hapohapo kinamhimiza mgonjwa asali. Kwa hiyo frateri, katekista au kiongozi wa jumuiya asimwambie mgonjwa aache dawa kwa jina la imani. Amwombee, kisha amuulize kama amechoma sindano ya leo na kama amekula.

Jumuiya nayo ina la kufanya: kumnunulia mgonjwa bomba la sindano, kumsindikiza kliniki, kumsomea alama za yuniti mzee ambaye macho yake yamefifia. Na wewe uliyeambiwa uanze sindano ukaahirisha, rudi kliniki wiki hii. Figo na miguu yako havisubiri.