Mwanza hadi Bukoba: Karibu kwenye ramani, mbali angani

Kila Desemba inapokaribia, ndugu zetu wa Kagera walioko London, Muscat na kwingineko huuliza swali lile lile: kutoka Mwanza hadi Bukoba ni dakika ngapi kwa ndege? Swali linaonekana jepesi. Jibu lake si jepesi hivyo.

Ukipima kwa mstari ulionyooka juu ya Ziwa Victoria, viwanja hivi viwili vimeachana kwa kilomita 175 hivi. Ndege ya panga boi aina ya ATR 42, ikishapanda, huenda kasi ya kilomita 500 hivi kwa saa. Gawanya, utapata dakika 21. Mbona basi safari huchukua muda mrefu zaidi? Ni kwa sababu ndege haianzi na kasi hiyo wala haimalizi nayo. Kuna kujongea hadi mwanzo wa njia ya kurukia, kupanda, kuanza kushuka mapema na kuzunguka ili itue ikiukabili upepo. Katika safari fupi, shughuli hizo hula sehemu kubwa ya muda.

Halafu kuna Bukoba yenyewe. Njia ya Mwanza ina urefu wa zaidi ya kilomita 3, ya Bukoba ni kilomita moja na nusu hivi, nayo imekaa ufukweni kabisa. Mawingu ya radi hujijenga juu ya ziwa usiku, na upande wa magharibi huyapokea asubuhi, saa zile zile abiria wanapotarajia kutua.

Tunajua gharama yake. Asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022, ATR 42 ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilianguka ziwani ikijaribu kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 19 walifariki. Wavuvi ndio waliokuwa wa kwanza kufika kuwaokoa wenzao.

Je, tuikimbie ndege? La hasha. Njia nyingine nazo zina historia yake. Meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, ikaondoka na watu zaidi ya 800. Barabara ya kuzunguka ziwa kupitia Geita ni zaidi ya kilomita 400, ingawa daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limeondoa foleni ya kivuko.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, unapopanga safari usihesabu kilomita peke yake. Kama unarudi ughaibuni kwa ndege kubwa ya kimataifa, usiunganishe safari ya Bukoba siku hiyo hiyo. Ondoka siku moja kabla, ulale Mwanza au Dar es Salaam.

Na siku rubani atakapotangaza kwamba Bukoba haionekani na anarudi Mwanza, tusimpigie kelele. Harusi itasubiri, na hata msiba utasubiri. Abiria wanaomlalamikia rubani kwa kuchelewa wanamfundisha kuharakisha, na pale ufukweni haraka haina nafasi ya kujirekebisha.