Ritifaa Katika Mitandao Iliyogatuliwa: Hitilafu za Uchanganuzi wa Ujumbe wa Kiswahili

Katika tahajia ya Kiswahili sanifu, nazali ya kaakaa laini huandikwa kwa alama tatu: n, g na ritifaa. Ritifaa hiyo si alama ya uakifishaji, wala haionyeshi kwamba kuna herufi iliyodondoshwa kama ilivyo katika n'takuja ya washairi. Ni sehemu ya herufi yenyewe. Ikiondolewa, kitenzi ng'oa, yaani kutoa kitu na mizizi yake, hubaki kuwa ngoa, yaani tamaa au wivu. Jambo hili halimtatizi mtoto aliyekwisha kujua kusoma. Hata hivyo, huzitatiza programu za mitandao ya kijamii iliyogatuliwa, na namna linavyozitatiza inastahili kuangaliwa na wanaisimu sawa na wahandisi.

Mtandao uliogatuliwa ni ule usio na kitovu kimoja. Mastodon, iliyoanzishwa mwaka 2016 na Eugen Rochko nchini Ujerumani, ndiyo programu yake inayofahamika zaidi. Kila seva ina wenyewe, na seva hizo huwasiliana kwa itifaki iitwayo ActivityPub, iliyopitishwa na shirika la viwango la W3C mwaka 2018. Ujumbe hufungashwa katika muundo wa JSON, na ndani yake matini huandikwa kwa HTML. Kuchanganua ujumbe ni kuupitia mfuatano huo wa herufi na kuamua kipi ni neno la kawaida, kipi ni jina la mtu, kipi ni kiungo na kipi ni mada. Kwa kuwa seva inayotuma na ile inayopokea zaweza kuwa zinatumia programu mbili tofauti, neno moja huamuliwa mara mbili, na si lazima hukumu zilingane.

Hitilafu iliyo wazi zaidi huonekana kwenye mada zinazotanguliwa na alama ya reli. Mtu akiandika #Murang'a katika Mastodon, mada inayoundwa ni #Murang. Irabu ya mwisho huachwa nje ya kiungo kama makombo. Vivyo hivyo #Lang'ata huwa #Lang, #Chang'ombe ya Dar es Salaam huwa #Chang, na #kung'ang'ania hukomea kwenye #kung. Sababu yake si uzembe. Kichanganuzi hukubali ndani ya mada herufi, tarakimu na alama chache tu za kuunganishia. Nayo orodha ya Unicode, ambayo vichanganuzi hivi huitegemea, imeiweka ritifaa ya kawaida, U+0027, katika kundi la vituo. Kwa mashine, Murang'a ni neno, kituo, kisha neno jingine. Waandishi wengi hukwepa usumbufu huu kwa kuandika Muranga na Langata, na hivyo tahajia hubadilika pasipo baraza lolote la lugha kuketi.

Anayetafuta chanzo cha hitilafu hana budi kuanza na ujumbe ghafi, si na kile kinachoonekana kwenye kioo. Katika ActivityPub, mada hazimo ndani ya matini peke yake. Huorodheshwa pia katika sehemu ya pembeni ya ujumbe iitwayo tag. Ikiwa orodha hiyo tayari inasema #Murang, kosa limefanyika kwenye seva iliyotuma, na mpokeaji halaumiwi. Ikiwa orodha inasema #Murang'a lakini msomaji anaona vingine, basi seva inayopokea imepuuza orodha na kuyachanganua matini upya. Kipimo hiki kidogo huokoa muda mwingi wa kulaumiana.

Aina ya pili ya hitilafu hutokana na HTML. Kwa ajili ya usalama, programu nyingi huibadili ritifaa kuwa &#39; kabla ya kuichapisha, kwa kuwa 39 ndiyo namba yake. Ubadilishaji huo ukifanywa mara mbili, msomaji hukuta ng&#39;ombe badala ya ng'ombe. Kuna kioja zaidi: kichanganuzi cha mada kikipita baada ya ubadilishaji, nacho kikawa hakikatai tarakimu tupu, kitaiona #39 na kuifanya mada. Ng'ombe hapo amezaa mada ambayo hakuna aliyeikusudia! Dawa ni mpangilio wa hatua: mada zitambuliwe kwanza katika matini safi, kisha ritifaa ibadilishwe mara moja tu, mwishoni.

Aina ya tatu ni ngumu kuigundua. Seva inayotuma hukokotoa muhtasari wa baiti zote za ujumbe, kwa kawaida kwa njia ya SHA-256, na kuutia saini. Mpokeaji anapaswa kukokotoa muhtasari huo kutokana na baiti zilezile alizopokea. Baadhi ya programu huufungua ujumbe kwanza, huuandika upya, ndipo hukagua saini. Zana inayoandika upya ikiigeuza ritifaa kuwa \u0027, maana haibadiliki hata kidogo kwa kanuni za JSON, lakini baiti zimebadilika; saini hukataliwa na ujumbe haufiki. Kama uandishi huo haukugusa kitu kingine, ujumbe usio na ritifaa utapita salama, na fundi atahangaika na funguo za siri ilhali kosa limo katika neno ng'ambo.

Pamekuwapo pendekezo la kutumia U+02BC, ritifaa ambayo Unicode huihesabu kuwa herufi. Ingemaliza tatizo la mada, lakini ingezua la utafutaji. Simu nyingi huandika U+0027, nyingine huipinda yenyewe kuwa U+2019, na katika UTF-8 alama hizo tatu huwa baiti moja, tatu na mbili. Hata usawazishaji wa kawaida wa Unicode hauziunganishi. Ng'ombe mmoja angekuwa na mazizi matatu.

Lililo bora ni kukirekebisha kichanganuzi chenyewe: kizikubali ritifaa zote tatu pale zinapotanguliwa na ng na kufuatwa na irabu au w, kisha kizihifadhi kwa umbo moja. Sharti hilo haliiharibu #king's ya Kiingereza, kwa kuwa s si irabu. Haliitegemei pia lugha iliyotajwa kwenye ujumbe, jambo la maana kwani Murang'a huandikwa hivyo hata katika habari za Kiingereza. Majaribio yake yasiishie kwenye ng'ombe. Yapo majina yaliyofuata tahajia za lugha nyingine za Kibantu, na wilaya ya Nyang'hwale mkoani Geita, yenye h baada ya ritifaa, ingekatwa vilevile na kanuni hiyo hadi h nayo iongezwe.